Utumbo Tunaoutupa
Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuwachunguza sato na sangara walionunuliwa sokoni Mwanza: katika kila aina, mmoja kati ya watano alikuwa na chembechembe za plastiki tumboni. Nikisimulia hayo, huulizwa swali moja tu: “Sasa tusile samaki?”

Sato hutolewa utumbo kabla ya kukaangwa, na plastiki nyingi hutupwa nao. Mlaji anashusha pumzi. Samaki mwenyewe aliishi nayo. Majaribio ya maabara yameonyesha baadhi ya wanyama wa majini wakizimeza chembe hizo hula kidogo na kudumaa. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Plastiki ni yetu: mifuko, chupa, nyuzi za nguo tunazofua. Tungekuwa na hatia hata kama sato asingeliwa na mtu.