Taa ya Mtu wa Nyuma

Karibu kila kitu ndani ya gari kipo kwa ajili ya aliyemo. Taa za mbele zinamwonyesha mashimo, honi inamfungulia njia, na kioo kinamwambia nani anamfuata. Lakini taa za breki zinawaka mgongoni kwake, kwa faida ya mtu ambaye pengine hatamjua kamwe. Unaweza kuendesha miaka kumi bila kuziona zako zikiwaka, na zikifa utakuwa wa mwisho kupata habari.

Sisi wa Kanyenye tuliletewa habari na kijana wa bodaboda. Alitufuata kutoka barabara ya lami mpaka uchochoroni kwetu, akazima pikipiki, akamwamkia baba mdogo. "Shikamoo mzee. Samahani sana. Ukikanyaga breki, nyuma hakuwaki kitu. Nusura nikuingie." Baba mdogo akaitikia, akashukuru, akaingia ndani. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na kesho yake alfajiri tulikuwa tunakwenda Nzega, zaidi ya kilomita 100, kumzika rafiki yake wa utotoni. Maziko yalipangwa saa saba mchana.

Fundi wa mtaani alikuja na tochi mdomoni. Alianza na fyuzi, nzima. Akatazama bulbu, nzima zote mbili, na ni nadra bulbu mbili kufa siku moja. Kisha akalala chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango, akaichomoa plagi ya swichi ya breki na kuziunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Taa za nyuma zikawaka, nyekundu, mpaka ukutani. Ugonjwa ulikuwa kwenye swichi.

Swichi yenyewe ni kitu kidogo kama kidole gumba, kimefungwa kwa nati juu ya mkono wa pedeli. Ina pini yenye springi. Usipokanyaga, mkono wa pedeli unaibonyeza pini na umeme umekatika. Ukikanyaga, mkono unaondoka, springi inaisukuma pini nje, vyuma viwili vinagusana ndani, taa zinawaka. Ni hivyo tu. Yetu ilikuwa imechakaa ndani, vyuma havigusani tena. Bei ya mpya haizidi sahani mbili za wali na nyama, lakini maduka ya spea yalikuwa yamefungwa, na yangefunguliwa saa tatu asubuhi.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Baba mdogo hakuwa mkaidi, alikuwa na hoja, na ninataka kuitendea haki. "Breki zinashika?" aliuliza. Zinashika. "Basi gari ni zima. Anayenifuata ana macho na ana wajibu wa kuacha nafasi. Akinigonga kwa nyuma, hata trafiki atamkamata yeye." Na kweli, udereva wote unafundishwa hivyo: acha nafasi ya kutosha, lolote la mbele likusimamishe bila kugonga. Kwa hesabu hiyo taa ya breki ni fadhila, kama kumpungia mtu mkono. Asiyepunga hajamkosea mtu.

Nililala nikiifikiria hoja hiyo. Naiona ina shimo mahali pamoja. Ingekuwa sahihi kama magari yasingekuwa na taa za breki kabisa. Kila mtu angejua kwamba gari la mbele halisemi kitu, na angeacha nafasi kwa kadiri hiyo. Lakini magari yanazo, na tumezoea kuzisoma. Yule wa nyuma ameipanga nafasi yake akijua kwamba ukipunguza, utamwambia. Kwa hiyo taa isipowaka haikunyamaza. Inamwambia jambo mahususi: sijakanyaga breki. Na umekanyaga. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Mtu aliyeambiwa uongo kwa sekunde moja tu ameshapoteza mita 22, na wa bodaboda hana hata boneti ya kumpokea.

Mji wetu unapaswa kulielewa hili kuliko miji mingi. Tabora ilikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, watu mamia wakitembea kwa mstari mmoja, kirangozi mbele, wapagazi nyuma yake na vipusa vya tembo mabegani au mizigo ya nguo kichwani. Mwenye mzigo kama huo haoni njia, anaona mgongo wa mwenzake. Burton, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857 wakati pakiitwa Kazeh, alilalamika sana kuhusu kelele za wapagazi. Lakini katika kelele hizo hizo anataja wito wa kuambizana kwamba mbele kumekwama, na wito wa kuambizana twende. Sidhani kwamba aliyekuwa katikati ya mstari alijiuliza kama kuupokeza wito ni fadhila. Aliusikia kutoka mbele, na nyuma yake palikuwa na mtu.

Fundi alikuwa na pendekezo la tatu. Angeziunganisha zile nyaya moja kwa moja, taa ziwake tangu tunaondoka mpaka tunafika. "Trafiki akikutazama, zinawaka." Baba mdogo alilipenda. Mimi lilinichekesha, kisha likanisumbua. Taa inayowaka muda wote haidanganyi kama iliyokufa, lakini haisemi neno. Dereva wa nyuma atashtuka mara ya kwanza, atashtuka ya pili, kisha ataacha kuitazama. Wote tunamjua jirani wa namna hiyo, anayelia hali ngumu asubuhi na jioni, mpaka siku aliyoumwa kweli hakuna aliyekwenda.

Ila kuna tofauti nyingine kati ya taa iliyokwama ikiwaka na taa iliyokufa, na hii inaniuma zaidi. Iliyokwama ikiwaka inamaliza betri. Ukiegesha usiku, asubuhi gari haliwaki, na mwenye gari atatafuta fundi kabla hajanywa chai. Iliyokufa haimgharimu mwenye gari shilingi moja, ndiyo maana inasubiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukifika inasubiri mwingine. Swichi ni ile ile, na bei ni ile ile. Kinachobadilika ni nani anayeumia.

Waliotengeneza magari ya otomatiki wanaonekana kutujua. Katika mengi ya magari hayo, swichi hiyo ya breki ikifa, gia haitoki kwenye P. Huwezi kuondoka nyumbani. Wamechukua shida ya mtu wa nyuma wakaifunga kwenye shida yako. Kant, mwaka 1785, alimtolea mfano muuza duka asiyewapunja wateja kwa sababu uaminifu unamlipa, akasema kitendo kile ni sahihi lakini hakina thamani ya kimaadili. Namwelewa. Lakini kijana wa bodaboda nyuma ya gari la otomatiki hana haja na moyo wa dereva. Ana haja na taa. Gari letu ni la gia za mkono, halimlazimishi mtu.

Asubuhi tulisubiri. Shangazi ndiye aliyeamua, kwa sentensi moja: hapandi na watoto kwenye gari hilo. Swichi ilipopatikana, kazi ilichukua dakika ishirini, nyingi zikiwa za kurekebisha. Ukiikaza mbele mno, inazuia pedeli isirudi yote na breki zinabaki zimeshika kidogo. Ukiirudisha nyuma mno, pini haibonyezwi na taa haizimi. Fundi alikaza, akalegeza, akakaza. Mtoto wa shangazi alisimama nyuma akipiga kelele: "Imewaka! Imezima! Imewaka!"

Nzega tulifika saa nane kasoro. Watu walikuwa wanatawanyika kutoka makaburini. Baba mdogo alikwenda peke yake, akainama, akaongeza udongo wake juu ya kaburi lililokwisha kufunikwa, akakaa pale muda mrefu.

Njiani kurudi, giza lilipoanza kuingia, niliona wekundu wa taa zetu ukipiga kwenye majani kila alipopunguza. Baba mdogo hakuwa ameongea tangu Nzega. "Leo kutwa," alisema mwishowe, "hakuna aliyenifuata karibu hata mara moja." Ilikuwa kweli. Barabara ilikuwa tupu karibu njia nzima. Shangazi alitazama dirishani, hakumjibu.