Faida Isiyo na Jasho

Mwaka 2009 Serikali yetu iliufunga upatu wa DECI, ulioahidi mavuno kwa kila aliyepanda fedha. Leo ulaghai wa namna ile wapitia simu na intaneti. Tapeli avunja amri ya saba. Hilo halina shaka. Lakini amri ya kumi yatuhusu sisi. Maana katika upatu, faida ya aliyetangulia ni akiba ya aliyefuata: mjane, kijana, jirani tuliyemwalika wenyewe.

Basi, aliyeibiwa asijifiche kwa haya. Awaambie jamaa zake, tena aipeleke namba ya tapeli kwa ujumbe wa simu, 15040, ili wengine wapone. Na aliyefaidika arudishe, kama Zakayo. Mungu atujalie kuridhika na riziki ya jasho letu.