Marafiki Safarini: Nani Apime Mwendo?

Wahenga walisema: Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Maana yake, mtu akiisha kutoka kwao hana tena kitanda chake, wala jirani zake, wala heshima aliyozoea kupewa. Hutegemea hisani ya watu asiowajua, na zaidi ya hao huwategemea wenzake alioondoka nao. Kwa hiyo swali la wenzi wa safari si swali dogo. Tulitazame leo kwa njia ya mfano: marafiki wanaojiandaa kwa safari ndefu ya pikipiki.

Tuseme ni vijana watano wa Goma. Wa kwanza ni fundi wa pikipiki, wa pili mwalimu, wa tatu mfanya biashara, wa nne muuguzi, wa tano mwanafunzi. Wamekusudia kwenda mpaka Dar es Salaam, wakaione Bahari ya Hindi kwa macho yao. Njia yao yajulikana. Watavuka mpaka na kuingia Gisenyi, watapanda milima ya Rwanda mpaka Ruhengeri, ambayo siku hizi huitwa Musanze, watashuka Kigali, watavuka mto Kagera kwa daraja la Rusumo, kisha wataingia Tanzania: Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro, na mwisho pwani. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500.

Jioni hukutana kwa fundi na kuandika orodha. Mipira ya ndani, viraka na gundi, pampu, mnyororo wa akiba, buji, waya za breki na za klachi, spana, koti la mvua, kofia ngumu ya kila mtu. Tena pasipoti, leseni, karatasi za pikipiki, bima, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Orodha hiyo ni njema, wala hatuwezi kuwalaumu kwa kuhesabu hata misumari. Lakini bado wamesahau jambo moja. Wamepatana juu ya vitu watakavyochukua. Hawajapatana juu ya namna watakavyotendeana.

Kwa maana pikipiki zao si sawa. Ya mfanya biashara ni kubwa na mpya. Ya mwalimu ni ndogo, nayo imekwisha beba magunia mengi. Fundi ameendesha miaka kumi. Mwanafunzi hajapita Sake. Kwenye mlima mrefu wa Rwanda wawili watakuwa wamefika juu, na wengine wangali chini wakinguruma kwa gia ya pili. Hapo ndipo swali litakapozuka: Nani apime mwendo wa safari hii? Aliye mbele, au aliye nyuma?

Wengine watajibu upesi: Kila mtu aende kwa nguvu zake, tutaonana jioni. Tena wataleta methali: Usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hiyo ni ya kweli. Humwonya baharia asing'oe nanga kwa kuwa tu amemwona mwenziwe anang'oa. Kila mmoja ajue chombo chake na bahari yake. Lakini angalieni vema: methali yasema juu ya kuanza safari, haisemi juu ya kumwacha mtu katikati yake. Aliyeona ya kuwa nyota si yake, na abaki bandarini kwa amani. Aliyekaribishwa na kukubaliwa, huyo amekwisha kuwa wa chombo kile kile.

Tuwakumbuke watu wa kale waliopita nchi hizi kwa miguu. Kiswahili chetu chenyewe kilifika Kongo ya mashariki pamoja na wapagazi wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika kuelekea Maniema. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri toka pwani mpaka Ujiji katika miaka 1857 na 1858, aliandika juu ya utaratibu wa misafara hiyo. Kiongozi alitangulia mbele, lakini mwenye msafara alikuja nyuma kabisa. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Alichelea wapagazi watoroke na mizigo. Hata hivyo alijua jambo moja ambalo vijana wetu wangefaa kulijua: safari haiharibiki mbele, huharibikia nyuma, pale ambapo hakuna anayetazama.

Lakini misafara ile yatufundisha na jambo la kuhuzunisha. Mara nyingi mpagazi aliyeugua aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukachukuliwa na mwingine. Mzigo ulikuwa na mwenyewe. Mtu hakuwa na mwenyewe. Basi hiyo ndiyo tofauti kati ya msafara na urafiki. Msafara waweza kufika salama hata kama nusu ya watu wamebaki porini, maana shabaha yake ni mali. Marafiki watano wakifika watatu, hawajafika.

Wako waliosafiri mbali na tatizo hili lisiwaguse sana. Wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London Desemba 1934 wakafika Cape Town Julai 1935, kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma yake. Walivuka jangwa la Sahara bila dira. Alberto Granado na Ernesto Guevara nao waliondoka Argentina mwanzoni mwa mwaka 1952 juu ya Norton moja iliyochakaa. Pikipiki ikawafia huko Chile. Wao wakaendelea kwa miguu, kwa malori na kwa meli, wakafika Peru na kusaidia katika kituo cha wagonjwa wa ukoma, hata wakaagana Venezuela. Watu hao walikuwa na chombo kimoja kwa wawili. Mmoja hakuweza kumtangulia mwenziwe hata kama angetaka. Bali vijana wetu wana pikipiki tano, na kila mmoja anao ufunguo wake mfukoni. Kwa hiyo yale ambayo wengine walilazimishwa na chuma, wao hawana budi kuyachagua kwa hiari.

Mwanafalsafa Aristotle, Myunani wa kale, aligawa urafiki mara tatu. Uko urafiki wa faida, uko urafiki wa kufurahishana, na uko urafiki wa watu wema wanaotakiana mema kwa ajili ya mwenzi mwenyewe. Wa kwanza hukoma faida ikikoma, na wa pili furaha ikiisha. Tena alikumbusha ya kuwa watu hawawezi kujuana mpaka wamekula chumvi pamoja. Twaelewa vizuri sana, sisi ambao kwetu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Sasa, safari ni njia fupi ya kula chumvi nyingi. Yale ambayo jirani hayajui kwako kwa miaka kumi, mwenzi wa safari atayajua siku ya tatu, mvua ikinyesha na fedha zikipungua. Afadhali basi kujuana kidogo kabla ya kuondoka.

Sisi twaona ya kuwa iko mipaka mitatu ya kupatana kabla ya kuwasha mashine.

Wa kwanza ni ukweli. Watu husema mara nyingi juu ya wajibu wa mwenye nguvu kumvumilia mnyonge. Ni haki. Lakini mnyonge naye ana wajibu wake, nao ni kusema kweli. Mwalimu ajua ya kuwa mpira wake wa nyuma umelainika kama kiganja. Aona haya kusema, kwa maana wenzake watajua ya kuwa hana fedha za mpya. Haya hiyo yaeleweka. Umaskini si dhambi, wala hakuna apendaye kuuonyesha. Lakini akinyamaza, anaamua kwa niaba ya wote bila kuwauliza. Mpira ukipasuka kwenye mteremko, aliye nyuma yake ataanguka juu yake, na muuguzi atafunga majeraha ambayo yangezuiwa na neno moja. Kadhalika mwenye kifafa, mwenye deni, asiyeona vizuri usiku, na yule ambaye nyumbani amewaacha watoto bila unga: wote waseme. Na wanaosikia wasicheke. Mahali ambapo ukweli huchekwa, watu hujifunza kusema uongo.

Wa pili ni mwendo. Aliye nyuma na apime mwendo. Si kwa sababu yeye ni bora, bali kwa sababu mwenye nguvu aweza kupunguza kasi, lakini mnyonge hawezi kuongeza nguvu asizo nazo. Amri haiwezi kudai lisilowezekana; hiyo ni kanuni ya haki ya siku zote. Njiani jambo hili ni jepesi: kila mmoja amwangalie aliye nyuma yake, na asipomwona asimame. Fundi, aliye hodari kuliko wote, na aje wa mwisho. Hasa wakumbuke Rusumo. Kongo na Rwanda watu huendesha upande wa kulia; wakivuka daraja tu, ni upande wa kushoto. Aliyekuwa akikimbia peke yake mbele, akili yake ingali kulia, atakutana na lori. Penye wenzi karibu, mmoja akisahau wanne watampigia honi.

Wa tatu ni hatari. Katika mambo ya kawaida, kama wapi pa kulala na chakula gani cha kununua, wengi washinde na wachache wanyamaze. Lakini katika mambo ya hatari, kama kuendesha usiku au kuvuka mto uliofurika, mmoja akikataa atosha. Wengine watanung'unika: Hivyo mwoga mmoja atatufunga sote! Twajibu: siyo kila hofu ni woga. Mara nyingine aliye na hofu ndiye peke yake aliyeona. Tena saa iliyopotea hupatikana kesho. Mguu uliovunjika haupatikani hivyo. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuuweka rehani mwili wa mwenziwe kwa kura.

Hapa mfanya biashara atainua mkono, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema: Ndugu zangu, nimeweka akiba mwaka mzima. Mwanafunzi akizuiwa mpakani kwa sababu hakushughulikia karatasi zake, je, mimi nirudi Goma bila kuiona bahari? Je, uzembe wake uwe adhabu yangu?

Neno lake lina uzito, na anayelidharau hajui haki. Twaitofautisha hali ya mambo. Mwenzi aliye katika hatari haachwi, hata kama ni kwa kosa lake mwenyewe. Aliyeficha mpira mbovu akavunjika, habaki njiani. Mahubiri yangoje mpaka apone. Lakini mwenzi aliyekosa tu furaha, naye yu salama, hawezi kudai wote waikose pamoja naye. Mwanafunzi aliyezuiwa mpakani, tena karibu na nyumbani, arudishwe na mmoja mpaka apate wa kumpokea, na wengine wakipenda waendelee, nao wamletee habari za bahari. Urafiki hauamuru wote warudi. Huamuru mtu asiachwe peke yake. Na gharama za uzembe azilipe mzembe, kidogo kidogo, bila kutukanwa.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini tufikiri hayo yote mapema? Tukifika tutaona. Jibu ni kwamba njia ni hakimu mbaya. Mtu mwenye njaa, mwenye usingizi, anayeona taa za mji mbele yake, hapimi sawasawa; shauku ya kufika humwambia ya kuwa yule aliye nyuma bila shaka yuaja. Kinachoamuliwa kwa utulivu nyumbani hutusaidia saa ambayo hatuna utulivu. Ndiyo maana watu wenye busara huweka ahadi mchana, wakijua ya kuwa wataihitaji usiku.

Watu wa Goma wayajua haya kuliko wengi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake mpaka katikati ya mji, na watu wakakimbia kwa maelfu na maelfu kuelekea Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulitoka tena wakati wa jioni, na katika kukimbia watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Januari 2025 vita viliingia mjini, na safari nyingine za ghafula zikafanyika. Katika safari za namna hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kukaa na kupatana nani atashika mkono wa nani. Waliomrudia mzee kizee au mtoto wa jirani walifanya hivyo kwa sababu moyo wao ulikuwa umekwisha zoea kutazama nyuma. Moyo haujifunzi hayo siku ya moto. Hujifunza katika siku za kawaida, na hata katika safari za furaha.

Basi vijana wanaokaa jioni wakihesabu buji na viraka wasidhani ya kuwa wanafanya mchezo tu. Waongeze saa moja juu ya orodha yao. Kila mmoja aseme kweli yake, waamue nani ataendesha wa mwisho, na waahidiane ya kuwa hakuna atakayeachwa peke yake. Kutangulia si kufika. Bahari haihami; itawangoja wote watano, hata wakifika siku mbili baadaye.