Haki ya Njia Chini ya Lami

Asubuhi pale Buguruni Sheli, Dar es Salaam, kila mtu anadai njia: daladala, bodaboda, mikokoteni ya mizigo ya sokoni, wanafunzi wanaotaka kuvuka. Chini ya lami ipo njia nyingine isiyo na wa kuidai. Mitaro ya mtaa hupeleka maji Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kusafiri takriban kilomita 35 hadi Bahari ya Hindi. Kabla ya kufika huko, mto hupita chini ya Barabara za Mandela, Kawawa, Morogoro na Ali Hassan Mwinyi, huku vijito vyake vikipenya kwenye makalavati ambayo hakuna anayeyatazama mpaka mvua iyazibe.

Je, kiumbe anayesafiri ndani ya maji hayo ana haki ya njia?

Jambo hili si la kufikirika tu. Mikunga wa mito kama Rufiji, Pangani na Tana huzaliwa mbali baharini, husukumwa na mikondo hadi pwani, kisha wakiwa wembamba kama uzi hupanda mito kwenda kukulia bara. Baada ya miaka mingi hurudi baharini kuzaa na kufa. Kambare naye, masika yanapofurisha mito, huacha mkondo akatafuta nyasi zilizofunikwa na maji ili atage. Kwa samaki hawa safari ndiyo maisha yenyewe.

Kalavati huwakatia safari hiyo kimyakimya. Bomba likiwa jembamba, maji hubanwa yakaenda kasi kuliko samaki anavyoweza kuogelea. Kiangazi, maji hayohayo hutandazwa juu ya zege laini, yakawa haba kiasi cha kutofunika mgongo wa samaki. Na mkondo ukichimba udongo upande wa chini, mdomo wa bomba hubaki ukining'inia hewani. Samaki anayepanda hukuta ukuta.

Dini zinazofuatwa Buguruni zina neno hapa. Katika Sura An-Nur, Qur'ani inawataja viumbe walioumbwa kwa maji kwa namna wanavyokwenda: wapo wa tumbo, wapo wa miguu miwili, wapo wa minne. Mwendo umehesabiwa kuwa sehemu ya uumbaji. Katika Mwanzo, baraka ya kwanza haikumwendea binadamu. Iliwaendea viumbe wa maji na ndege, waongezeke na kuyajaza maji. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alizitaja barabara kuu kati ya mambo yanayokata makazi ya wanyama hata wasiweze kuhama. Naye Mtume Muhammad alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani. Waumini wamezoea kuelewa udhia huo kuwa jiwe au mwiba. Mbona bomba linaloning'inia lisihesabiwe?

Atajibu mtu kwamba hakuna aliyekusudia kudhuru. Mhandisi alitaka gari lipite. Hoja hiyo iliwahi kufika mahakamani. Katika jimbo la Washington, Marekani, makabila ya wenyeji yalikuwa yametia saini mikataba mwaka 1854 na 1855 iliyowahakikishia kuvua samaki. Makalavati ya barabara za serikali yalipowazuia samoni kupanda, makabila yalishtaki. Mwaka 2013 jaji aliamuru jimbo liyabadilishe, na Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kura zikiwa nne kwa nne, iliiacha amri hiyo isimame. Kutokukusudia hakukufuta deni. Baada ya madhara kujulikana, kuyaacha ni uamuzi.

Pingamizi zito zaidi linatoka mtaani kwenyewe. Msimbazi umebeba majitaka na taka za jiji kwa miaka mingi; nani atamfikiria mkunga wakati watu wa bondeni wanaogopa kila wingu? Hofu yao ina haki yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lakini Agosti ya mwaka huohuo, kimbunga Irene kilipopiga Vermont, Marekani, vivuko vilivyokuwa vimejengwa upya kwa ajili ya samaki, vipana kuliko kijito na vyenye sakafu ya changarawe, vilistahimili, huku vingi vya kawaida vikiharibiwa. Tundu linalomzuia samaki kiangazi ndilo linalonasa taka masika na kurudisha maji majumbani. Na mto ukisafishwa huku njia zake zikiwa zimefungwa, samaki wanaotegemea bahari hawatarudi, kwa kuwa hawana pa kupitia.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya la juu zaidi Jangwani. Vijito vinavyoulisha mto navyo vinastahili uangalifu huohuo. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inapopanga kubadilisha kalavati la mtaa, shehe, padri na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wana haki ya kuuliza kabla zege halijamwagwa: upana wake unazidi wa kijito? Sakafu imezikwa chini ya mchanga? Mdomo wake unalingana na mkondo? Ni maswali ya uhandisi, na kwa anayeamini kuwa mwendo wa kiumbe umetoka kwa Muumba wake, ni maswali ya ibada pia.