Safari ya Mkubwa, Mwendo wa Mtoto

Liko swali ambalo halikuwasumbua wazee wetu wa milima ya Upare, nalo leo linazungumzwa katika nyumba zetu pamoja na mambo ya karo na mashamba. Je, ni haki kumchukua mtoto mchanga, asiyeweza kusema ndiyo wala hapana, na kumpeleka katika miji ya Ulaya kwa safari ambayo hakuiomba na ambayo hataikumbuka?

Swali hili si la watu wachache tena. Vijana wetu wengi wana ndugu Uholanzi, Ujerumani na Uingereza, na ndugu hao hupenda kuona sura za watoto waliozaliwa huku nyuma. Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, uko mwendo wa saa chache tu kutoka Same. Mtu aliyekula makande ya mchana hapa mjini anaweza kunywa chai ya asubuhi ya kesho yake Amsterdam. Njia imekuwa fupi, lakini mtoto amebaki yule yule.

Nilipata kuulizwa jambo hili katika kikao cha ukoo mmoja ninaoufahamu vizuri. Wazazi vijana wenye mtoto wa miezi mitano walikuwa wamealikwa Hamburg na mjomba wao, nao walitaka kupitia Amsterdam na Paris kabla ya kufika. Wazee wa kikao walipinga. Bibi mmoja alisema, "Anakwenda kuona nini huko, yeye ambaye hata jina lake hajalijua?" Mume akajibu kwa heshima, "Bibi, usihofu. Hata akisumbuka kidogo njiani, hatakumbuka."

Ndugu msomaji, yatazame maneno hayo mawili kwa makini. Bibi anapinga safari kwa sababu mtoto hatakumbuka mazuri yake. Baba anaitetea kwa sababu mtoto hatakumbuka mabaya yake. Wanapingana, lakini wamesimama juu ya jiwe moja: wote wawili wanadhani kwamba jambo lisilokumbukwa halina uzito. Naona jiwe hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza.

Ni kweli kwamba mtoto hatakumbuka. Chuoni, tulipojifunza ualimu, tulifundishwa mambo ya makuzi ya mtoto, na kila mtu anaweza kuyahakikisha kwa kujiuliza mwenyewe. Ni watu wachache wenye kumbukumbu yoyote ya kweli ya maisha yao kabla ya umri wa miaka mitatu. Lakini je, miaka hiyo haikuwa yetu? Njaa tuliyolia nayo haikuwa njaa? Mtoto mchanga hana jana ya kumfariji wala kesho ya kuitumainia. Mtu mzima akibanwa katika kiti cha ndege hujiambia, "Bado saa tatu, nitafika." Mtoto hana saa tatu. Anayo hii iliyopo, nayo ndiyo dunia yake yote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mzigo unaoonekana mwepesi kama ule wa asiyeweza kuusimulia.

Mimi ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Nimewaona wenzangu, watu waliosomesha mamia ya watoto, wakifikia mahali pa kusahau majina ya wana wao wenyewe. Ukimtembelea mmoja wao asubuhi na kumpa uji wa moto, anafurahi. Jioni hajui kwamba ulifika. Je, tuache kumpelekea uji? Je, tumseme vibaya mbele yake kwa kuwa kesho atakuwa amesahau? Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali. Basi, ikiwa kusahau kwa mzee hakutupi ruhusa ya kumtesa wala sababu ya kumnyima furaha, kusahau kwa mtoto nako hakutupi.

Historia ya pwani yetu ina kisa kinachotosha kutufunza jambo hili. Mwaka 1866 Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alitoroka kisiwani kwa meli ya Kiingereza akiwa mja mzito, akafika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba mwaka ule ule, naye akaitwa Heinrich. Mwishoni mwa mwezi Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na baba wa mtoto, mfanyabiashara wa Kijerumani Rudolph Heinrich Ruete, na safari ya kwenda Hamburg ikaanza. Mtoto alikuwa na umri wa karibu miezi sita. Joto la Bahari ya Shamu katika majira yale ni kali, na Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa. Ulifunguliwa mwaka 1869. Heinrich hakufika Hamburg. Alifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Sisimulii habari hizi ili kumhukumu Salme. Yeye hakuwa na nyumba ya kurudi; maisha yake kisiwani yalikuwa hatarini, na mbele kulikuwa na njia moja tu. Nazisimulia kwa sababu zinaivunja kabisa hoja ya kumbukumbu. Mtoto yule hakuishi kukumbuka chochote. Tukisema kwamba lisilokumbukwa halina uzito, itatubidi tuseme pia kwamba safari ile haikumhusu. Nani atathubutu kusema hivyo? Ilimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwamo.

Basi, je, bibi ameshinda? Mtoto abaki nyumbani? Nami nasema, tusikimbilie huko. Neno "nyumbani" lina maana moja kwa mtu mzima na maana nyingine kwa mtoto mchanga. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alifanya utafiti Uganda, katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwachunguza akina mama na watoto wao wachanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kuliandika: mtoto hutambaa na kwenda kupekua vitu akiwa na uhakika kwamba mama yupo pale pale alipomwacha, naye hurudi kwake kila anapoingiwa na hofu. Mama au mlezi aliyemzoea ndiye kituo chake. Kwa hiyo nyumba ya mtoto mchanga haina bati wala matofali. Ni mgongo unaombeba na titi linalomnyonyesha. Mzazi anayemwacha mtoto wa miezi mitano kijijini na kwenda kutembea Paris kwa wiki tatu hakumwacha mtoto nyumbani. Ameondoka na nyumba.

Bila shaka kuna bibi ambaye amemlea mjukuu tangu siku ya kwanza, na mgongo wake umekwisha kuwa nyumba ya pili. Huyo ni jambo jingine. Lakini hoja kwamba kumwacha ni salama kuliko kumchukua, kwa sababu tu hapa ni kwetu na kule ni kwa watu, haisimami yenyewe.

Isitoshe, sisi Wapare si wageni wa swali hili. Tulilijibu zamani kwa safari zilizokuwa fupi zaidi. Juu milimani, kuelekea kilele cha Shengena chenye mita 2,462, kuna baridi na ukungu. Chini tambarare kuna jua kali, na mbu waletao malaria. Kwa mtoto aliyezaliwa Chome au Mbaga, kushuka Same kulikuwa ni kwenda nchi nyingine. Bibi zetu hawakupenda kumteremsha mtoto mchanga bila sababu, na sababu iliulizwa waziwazi: kuna mgonjwa? kuna msiba? kuna harusi ya ndugu? Sababu ikiwapo, walishuka. Lakini walishuka alfajiri kabla ya jua kuchoma, walipumzika kwenye kivuli mtoto alipolia, na kama ameamka na joto la mwili, safari iliahirishwa bila mjadala. Waliokuwa na haraka walitangulia. Mwenye mtoto hakuulizwa kwa nini amechelewa.

Hapo ndipo naona jibu letu lilipo. Sababu ya safari inaweza kuwa ya mkubwa, lakini mwendo wake hauna budi kuwa wa mtoto. Mzazi ana haki ya kuwa na jambo lake duniani hata baada ya kuzaa. Kutaka kumwona ndugu, au hata kutaka tu kuiona miji mikubwa iliyosomwa vitabuni, si dhambi, wala mtoto hakosewi kwa kubebwa kuelekea mahali ambako mama yake anafurahi. Anakosewa pale anapobebwa kwa kasi ambayo mwili wake hauiwezi, kwa sababu hawezi kulalamika kwa maneno.

Mwendo wa mtoto maana yake nini katika miji ya Ulaya? Kwanza, maana yake ni kungoja. Hapa nchini chanjo ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi tisa. Tumezoea kufikiri kwamba magonjwa yako kwetu na usalama uko kwao, lakini mwaka 2024 kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipata wagonjwa wa surua wengi kuliko mwaka wowote tangu 1997. Anayeweza kungoja hadi mtoto achanjwe, na angoje. Asiyeweza, amwone daktari mapema kabla ya kukata tiketi. Pili, ni kupunguza. Miji mitatu kwa siku kumi ni ratiba ya mtu mzima mwenye kamera. Mtoto anahitaji kulala mahali pamoja usiku baada ya usiku, ili asubuhi afumbue macho na kuona dari ile ile. Tatu, ni kutumia yaliyo yetu bila aibu. Stesheni nyingi za treni za chini ya ardhi za Paris zina ngazi tupu, na kigari cha mtoto huwa adhabu huko. Mama mwenye mbeleko hupanda akiwa na mikono miwili huru na mtoto aliyetulia. Ndege inapoanza kushuka, mama amnyonyeshe, kwa sababu kumeza humpunguzia maumivu ya masikio.

Liko jambo dogo la makaratasi ambalo limenifikirisha sana. Ubalozi humtaka mtoto mchanga awe na pasipoti yake mwenyewe na viza yake mwenyewe, ingawa kwa nchi nyingi za Ulaya chini ya miaka sita halipi ada. Lakini mashirika mengi ya ndege, kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, hutoza sehemu ndogo tu ya nauli na hayampi kiti. Yaani mpakani yeye ni mtu kamili mwenye jina na picha, na ndani ya ndege ni kitu cha kupakatwa. Wazazi nao huweza kumchukua kwa mojawapo ya namna hizo mbili. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa wasafiri, na wapo wanaomhesabu miongoni mwa mizigo. Ukitaka kuwatambua, sikiliza wanavyopanga. Wa kwanza huuliza, "Atalala saa ngapi?" Wa pili huuliza, "Tutamweka wapi?"

Wale wazazi wa kikao walisikiliza pande zote. Walingoja hadi mtoto alipotimiza miezi kumi, wakaiacha Paris na Amsterdam, wakakaa Hamburg kwa mjomba wiki tatu nzima. Bibi hakukubali moja kwa moja, lakini aliwapa kanga yake nzito ya kumfunikia mtoto, na kwa wanaomfahamu bibi yule hilo lilitosha.

Tunaweza kupimana kwa swali moja. Kabla ya kufunga sanduku, mzazi na ajiulize: mtoto akiamka kesho na homa, nitaweza kuipoteza tiketi hii bila kumkasirikia? Akilia mchana kutwa mbele ya mnara niliotamani kuuona tangu shule ya msingi, nitaweza kugeuka na kurudi chumbani? Anayeweza kujibu ndiyo kwa moyo safi anaweza kusafiri naye hata Ulaya. Anayeona kwamba jibu ni hapana, afadhali angoje, maana hata safari ya kushuka Same ingekuwa ndefu mno kwa mtoto wake. Watoto wetu hawatatukumbuka katika siku hizo, nasi hatutapata shukrani wala lawama kutoka kwao. Kwa hiyo siku hizo ndizo zinazoonyesha vizuri kuliko nyingine zote tulivyo watu wa namna gani.