Gitaa Nililoliuza, Gitaa Tulilolitengeneza

Masomo: Kutoka 31:1-5; Mathayo 5:23-24

 

Leo sina mahubiri ya kupiga kelele. Nina ungamo, na ndani ya ungamo kuna neno. Kijana wangu ameniruhusu nilisimulie. Nilimwomba ruhusa mara mbili, kwa sababu kuna wakati sikumwomba, na hapo ndipo shida ilianzia.

Mnakumbuka Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona. Hapa Mwihoko wengi wetu tuliishi kwa kibarua cha siku, na sadaka ilikauka pamoja na vibarua. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, lakini kodi ya miezi mitatu ni kodi ya miezi mitatu. Ndani ya nyumba kulikuwa na kitu kimoja cha kuuzika: gitaa la umeme la kijana wangu. Alikuwa amelinunua kwa pesa ya mjengo, kubeba mawe na kuchanganya kokoto, likizo baada ya likizo, karibu miaka miwili.

Nililiuza akiwa ametumwa dukani. Aliporudi akakuta ukuta uko wazi. Akaniuliza, “Baba, gitaa liko wapi?” Nikamjibu kwa sauti ya madhabahuni: “Bwana alitoa, na Bwana atakupa lingine.” Ninyi hapo mnataka kusema Amina. Msiseme. Kuuza kwa sababu ya njaa ni jambo linaloweza kuzungumzwa. Lakini mimi nilichukua jina la Bwana nikalitumia kumfunga mtoto mdomo.

Hakunijibu. Makanisa yalipofunguliwa, akaketi nyuma. Baadaye akawa anasimama nje karibu na mlango. Baadaye hakuja. Nami niliendelea kuhubiri hapa mbele, hata somo la malezi nililihubiri, nanyi mkaniambia, “Pastor, tumebarikiwa.”

Mwaka jana nilikuwa natayarisha ujumbe kutoka Mathayo sura ya tano. Yesu anasema ukiwa unaleta sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo juu yako, iache sadaka hapo, uende kwanza mkapatane. Nilikuwa nimeusoma mstari huo miaka mingi nikidhani unazungumza juu ya watu wa kanisani. Siku hiyo ukafungua mlango wa jikoni kwangu. Nikafunga Biblia nikaenda kwake. Nikamwambia ninataka kurudisha gitaa. Akanitazama, akasema, “Ulisema Mungu atanipa lingine. Bado nangoja.”

Pesa ya gitaa jipya sikuwa nayo. Nikamuuliza, “Tukilitengeneza?” Nilidhani atacheka. Akasema, “Sawa.” Neno moja tu. Wapendwa, msidharau neno moja.

Turudi Kutoka 31. Mtu ambaye Biblia inasema amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Hakujazwa ili atoe unabii. Alijazwa ili achonge mbao, akate vito, afue dhahabu. Na 1 Nyakati 23:5 inatuambia Walawi elfu nne walimsifu Bwana kwa vyombo ambavyo Daudi alivitengeneza. Kwa hiyo usimwambie mtu mwenye randa na msasa kwamba anapoteza wakati. Roho anajua karakana.

Na kama unadhani kitu cha nyumbani hakiwezi kufika mbali, sikiliza. Mwaka 1963, viungani mwa London, kijana aitwaye Brian May alianza kutengeneza gitaa la umeme pamoja na baba yake, Harold, kwa sababu hawakuwa na pesa ya kununua. Shingo ilitoka kwa mbao za mahali pa moto pa zamani. Springi zilitoka kwa pikipiki kuukuu. Vidoti vya shingoni vilikuwa vifungo vya mama yake. Iliwachukua kama miaka miwili. Mwaka 2002 alilipiga gitaa hilo juu ya paa la ikulu ya malkia wa Uingereza. Siwatumi mkafuate muziki wake; ninawaonyesha baba na mwana kwenye meza moja.

Sasa niwaambie mambo matatu niliyofundishwa kwenye meza yetu.

Jambo la kwanza: mbao mbichi haistahimili mvuto. Shingo ya kwanza niliichonga kwa saipresi niliyonunua kwenye yadi nikiwa na haraka. Ilipendeza! Lakini nyuzi sita zikikazwa zinavuta pamoja karibu kilo 45, kama gunia la simiti ukipunguza kidogo. Baada ya wiki mbili shingo ilikuwa imepinda kama upinde. Mbao ilikuwa bado na maji ndani. Tukaanza upya na mvule wa fremu ya mlango kuukuu, mbao iliyokauka miaka na miaka. Na hata hivyo tukachimba mfereji katikati, tukalaza chuma ndani, ndipo tukafunika. Ukiitazama hukioni hicho chuma, lakini ndicho kinachozuia. Mimi nilitaka msamaha wa haraka, mbao mbichi. Nilitaka nimpe zawadi Jumamosi, Jumapili awe kwenye timu ya sifa. Mungu akasema hapana, ngoja ikauke.

Jambo la pili: pima kutoka mwanzo. Shingo ya gitaa ina vile vyuma vyembamba vinavyoikata, vinaitwa freti. Sisi nyuzi zetu zina urefu wa milimita 648. Kuna hesabu: unagawanya urefu kwa 17.817, na freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka pale nyuzi zinapoanzia, kwenye kipande cha mfupa wa ng’ombe ambacho tulikiomba buchani tukakipiga tupa wenyewe. Freti ya kumi na mbili lazima ikae katikati kabisa, milimita 324. Mimi nilipima kila freti kutoka kwa ile iliyotangulia. Kosa la unywele hapa, unywele pale. Nilipofika ya kumi na mbili nilikuwa nimepotea milimita nne. Kila noti ilikuwa ya uongo kidogo. Kijana akaleta rula ndefu ya chuma, akasema, “Zote zipimwe kutoka mwanzo, kosa lisirithiwe.”

Kosa lisirithiwe! Hapo semeni Amina. Maana katika nyumba zetu tunapimana kutoka kosa la jana. Yeye alininyamazia, nami nikamnunia. Nilimnunia, naye akalala nje. Alilala nje, nami nikamfungia mlango. Tukifika katikati ya maisha kila sauti ni ya uongo, na hakuna anayejua ilianzia wapi. Waefeso 6:4 haianzi na mtoto kwenye mstari huo. Inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mzazi, usianze kwa kusema mtoto ameharibika. Rudi ulikoanzia.

Jambo la tatu lilinikuta usiku. Gitaa la umeme lina kitu kinaitwa pikapu. Si ile ya kubebea kabichi kutoka Githurai. Ni sumaku iliyozungushiwa waya. Chuma cha uzi kikitetemeka juu yake, waya unazaa umeme kidogo, na amplifaya inaukuza. Yetu tuliitengeneza kwa sumaku ya spika iliyokufa na waya mwembamba kama unywele tulioufungua kwenye transfoma ndogo za redio. Inahitaji mizunguko kama elfu nane. Mama alitupa cherehani yake, tukafunga kijiti kwenye gurudumu, mmoja anazungusha, mwingine anaongoza waya kwa vidole. Ulikatika mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa tumepita elfu tano. Sikukemea pepo. Tulianza tena.

Usiku wa kuwasha ukafika. Tukachomeka. Badala ya muziki, ikatoka nguuuuuu, kama nyuki elfu ndani ya spika. Nilivunjika moyo. Lakini nikaona kitu: kijana akigusa nyuzi kwa kiganja, kelele inazidi. Akiachilia, inapungua. Akainama, akatazama nyaya, akasema, “Baba, nyuzi hazijashikana na ardhi.” Akachukua kipande cha waya, akakilehemu kutoka kwenye daraja la chuma hadi mahali pa ardhi. Nyumba ikanyamaza. Akapiga uzi mmoja. Ukalia safi.

Wapendwa, mimi nilikuwa pikapu bila ardhi. Sauti nyingi, nguvu nyingi, na ndani yake kelele ambayo nilidhani ni upako. Waya wangu wa ardhi ulikuwa neno moja ambalo sikuwa nimelisema. Nikalisema hapo hapo, huku moshi wa lehemu bado uko machoni: “Nilikukosea. Nililiuza bila kukuuliza, kisha nikamsingizia Mungu. Nisamehe.”

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Nilijua kodi ilikuwa imefika miezi mitatu. Ungeniambia tu, ningeliuza mwenyewe.”

Nililia. Siwafichi.

Nanyi mtauliza, je, amerudi kanisani? Bado. Gitaa liko nyumbani. Jioni analipiga, nami nakaa kwenye kiti cha mlangoni nasikiliza. Mkimkuta njiani msimwulize lini atapiga Jumapili. Msalimieni tu. Mbao inakauka. Mtaa wetu unaitwa Mwihoko, na wanaojua Kikuyu wanajua hilo ni jina la tumaini. Kama tumeweza kuliandika kwenye matatu, tunaweza kulisubiri nyumbani.

Lakini wewe mzazi unayesoma ukurasa huu, kuna kitu ulichukua kwa mwanao ukasema ni Bwana? Karo ya binti iliyomjenga kaka yake? Ahadi? Jina zuri? Usilete sadaka Jumapili ijayo kabla hujapita kwake. Sadaka itangoja. Yesu mwenyewe amekupa ruhusa ya kuchelewa.

Tuombe: Baba, tusamehe tulipotumia jina lako kuficha makosa yetu. Tupe mikono ya Bezaleli ya kutengeneza tulichobomoa, na subira ya kungoja. Unganisha nyumba zetu na ardhi ya unyenyekevu, kelele zinyamaze, sauti ya kweli isikike. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:
1. Soma Mathayo 5:23-24. Ni nani aliye na jambo juu yako ndani ya nyumba yako mwenyewe?
2. Ni kosa gani la jana ambalo bado mnapimia mambo ya leo?
3. Taja kazi moja ya mikono ambayo mzazi na mtoto wanaweza kuifanya pamoja kabla ya mwezi kuisha. Anzeni hata kama mtaongea kidogo.