MGENI KATIKA NJIA PANDA YA LUSAHUNGA

Afikaye Lusahunga huzikuta njia zikigawanyika: moja yaelekea Biharamulo, nyingine Nyakanazi, na ya tatu yapanda Ngara mpaka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Malori ya kwenda Kigali hupita hapo usiku na mchana. Mshubi, Mzinza, Mhangaza, Mha, na Msukuma aliyeyafuata malisho ya ng'ombe wake, wote hukutana katika soko moja na mbele ya altare moja. Basi, wasomaji wetu wapenzi, yatupasa kujiuliza kwa nini swali lile, "Huyu kwao wapi?", laulizwa kwa ukali hata na midomo iliyotoka kupokea Komunyo.

Hofu ina asili yake, wala hatutaki kuidharau. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakaingia Ngara. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni, visima vikapungukiwa, na Benaco, mahali palipokuwa pakijulikana kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa kama mji mkubwa. Wakimbizi hao walirudishwa kwao Desemba 1996. Hata baadaye, kwa miaka mingi, mabasi yalipita katika msitu wa Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Aliyesafiri siku zile akisali rozari njia nzima hahitaji kufundishwa maana ya hofu.

Lakini jambazi na akamatwe kwa ujambazi wake. Mwaka 2013 yalitokea mengine. Mwezi wa Julai Rais Jakaya Kikwete aliwataka wakaao nchini bila kibali waondoke, na mwezi wa Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu kwa maelfu waliondoka, wakiwamo watu waliozaliwa hapa na waliooa au kuolewa hapa. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, nasi twafundisha kwamba sheria ya haki itiiwe. Tusemalo ni juu ya jirani: yule aliyemnyoshea mwenzake kidole kwa ajili ya matamshi yake, na pengine kwa ajili ya shamba lake la migomba.

Tena matamshi ni shahidi dhaifu sana katika nchi hii. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu, na Kiha vilevile. Watu walisema lugha hizo kabla Wadachi, Wabelgiji na Waingereza hawajachora mipaka yao. Ulimi si hati ya kusafiria.

Taifa letu lenyewe limewahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1980, wakati wa Mwalimu Nyerere, Wanyarwanda wapatao 36,000, waliokimbia kwao tangu 1959, walikubaliwa kuwa raia. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000, wa wale waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao, walipewa uraia vilevile.

Na sisi Wakristo, imani tuliipokea kwa nani? Mapadre Weupe walipofika Kashozi, Bukoba, mwaka 1892, walitoka Uganda, wakiwa wageni kabisa. Papa Pius XII, alipoandika juu ya wahamiaji mwaka 1952, alianza na Familia Takatifu iliyokimbilia Misri. Yosefu hakuwa na barua ya mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo, hasa katika vijiji vya njia kuu. Jamaa mpya ikihamia kwenu, waulizeni kwanza majina ya watoto, na kama wamebatizwa. Waambieni siku ya kusali na nyumba ya kusalia. Asiyejua Kiswahili vizuri asomewe Injili na ajuaye lugha yake, wajuao hawakosekani. Na ikiwa karatasi zake hazijakamilika, wawili wenu wafuatane naye kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha ofisi ya uhamiaji, mchana kweupe, wakae naye katika benchi mpaka aitwe.